Zeze la Bi Oksim

Ngazi za kushukia studio ya Muyeol zilikuwa kumi na moja, na Garam alikwisha kuzishuka kwa kila namna ambayo msichana mwenye mapenzi anaweza kushuka ngazi. Alikwisha kuzishuka mbilimbili, viatu mkononi. Alikwisha kuzishuka akicheka peke yake kama aliyerogwa, bakuli la supu ya mwani amelikumbatia ndani ya kitambaa. Mara moja alizishuka kwa makalio, siku ya barafu, na Muyeol akamcheka kwanza na kumkanda baadaye. Lakini alasiri hii ya mvua za Julai alizishuka moja moja, mwavuli ukimchuruzika miguuni, na alipofika chini hakubisha hodi.

Muyeol alikuwa mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, mgongo umepinda. Mgongo ule Garam aliupenda kabla hajaupenda uso. Alisimama akautazama kwa muda, kama mtu anayesoma mkataba kwa mara ya mwisho kabla ya kuuchana.

"Kaka," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza, kama wasichana wote wa Seoul wanavyowaita wanaume waliowazidi umri wakawaiba na moyo.

Muyeol akageuka, akavua hedifoni, uso wote ukafunguka. "Garam! Mvua yote hii? Ungenipigia nije kukupokea kituoni."

"Nina miguu."

"Hilo nalijua. Naijua yote miwili."

Siku nyingine Garam angemrushia mwavuli na wangeishia kucheka. Leo aliuegemeza ukutani taratibu, akabaki amesimama.

"Kuna tangazo la jokofu la kuwekea kabichi ya kimchi," alisema. "Lile la bibi harusi anayelia mbele ya jokofu tupu. Muziki wake ni wako?"

"Jokofu gani?"

Garam akauimba ule muziki kwa mdomo uliofumba. Ulikuwa mfupi, wenye kupanda na kushuka kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kila alipofika kwenye sauti fulani ya juu, alisonya kidogo. Alisonya mara tatu.

Rangi ikamtoka Muyeol usoni.

"Si wangu," alisema. "Garam, nakuapia, si mimi niliyeutunga."

"Nakuamini," Garam alisema, na hapo ndipo alipokaa. "Hicho ndicho nilichokiogopa njia nzima. Kama si wewe, ni nani? Mama yangu amefikaje mikononi mwa mtu nisiyemjua?"

*

Miaka miwili nyuma, kabla mtu yeyote hajasema neno saratani, Muyeol alikuwa mtunzi wa muziki wa tamthilia asiyejulikana hata na walinzi wa vituo vya televisheni alivyovifanyia kazi. Tamthilia za kale zinataka zeze, haegeum la nyuzi mbili za hariri, lile linalolia kama mtu. Na wenye tamthilia hawataki kumlipa mpiga zeze. Wanataka mtu mmoja, kompyuta moja, na kazi iwe tayari Ijumaa. Kwa hiyo Muyeol alihangaika kutafuta mazeze yaliyokwisha kurekodiwa na kupangwa kwenye vitufe. Alipakua la huku akalijaribu, akapakua la kule akalijaribu. Mengine yalilia kama mlango, mengine kama mbu. Yaliyo safi ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi.

"Haya yamepigwa na watu ambao hawajafiwa hata na paka," alimwambia Garam, ambaye wakati huo alikuwa tu msichana wa duka la miwani aliyemrekebishia fremu.

"Mama yangu anapiga zeze," Garam akamjibu, huku akikaza skrubu. "Na paka wake wanne wamekufa."

Ndivyo Bi Oksim alivyoshuka ngazi zile kumi na moja, na zeze lake ndani ya mfuko, akaangalia ile studio ya chini ya ardhi na kusema, "Hapa mnalima uyoga?"

Kazi ilikwenda majuma matatu. Kutengeneza ala ya kwenye kompyuta si kupiga wimbo. Ni kupiga sauti moja, kuisubiri ife, kisha kuipiga tena. Taratibu, kisha kwa wastani, kisha kwa nguvu, upinde ukienda, upinde ukirudi, na kila moja mara nne nne, ili mashine iwe inazibadilisha na msikilizaji asiikamate ikirudia ileile. Feni ilizimwa. Friji ilichomolewa. Aliyetaka kukohoa alipanda juu barabarani akakohoa huko. Bi Oksim, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba sauti isiyotikiswa ni maiti, alilazimishwa kupiga mamia ya maiti, na baada ya kila moja alijisonya.

"Mama, huo msonyo unaingia ndani," Muyeol alimsihi.

"Uingie. Wajue kuwa sikuridhika."

Na Garam? Garam alikaa pembeni, marufuku kuzungumza, marufuku hata kusogeza kiti. Kijana na msichana wakikatazwa kusema, macho hufanya kazi ya watu wanne. Sauti moja ya zeze ilichukua sekunde kumi na mbili kufa, na katika sekunde hizo Muyeol, aliyetakiwa kutazama mishale ya mashine, alimtazama yeye. Akitabasamu, sauti ikafa. Akiinamisha uso, sauti nyingine ikafa. Juma la tatu lilipoisha walikuwa wameshaambiana kila kitu na hawajafungua mdomo.

"Kazi imekwisha," Bi Oksim alisema siku ya mwisho, akifunga mfuko wa zeze. "Sasa na nyinyi mnaweza kuacha kuangaliana kama ng'ombe na uzio."

Mzee Pyo, baba yake Garam, fundi wa karatasi kule Jeonju, hakucheka. "Anapiga ngoma bila ngoma, filimbi bila pumzi," alisema. "Siku mahari ikitakiwa, atabonyeza kitufe?" Na alipoambiwa kuwa kijana anaomba ruhusa ya kuoa, alijibu kwamba amletee kwanza kazi moja yenye jina lake, inayoweza kushikwa mkononi.

Kisha mke wake akaugua, na hakuna aliyezungumza tena habari za harusi.

*

"Nilikuwa naweka skrubu kwenye miwani ya mteja," Garam alisema sasa. "Televisheni ya dukani inasema yenyewe siku nzima, siisikilizi. Mara nikamsikia Mama akisonya. Nikageuka, Kaka. Niligeuka kabisa, nikatazama mlangoni. Kisha akasonya tena, vilevile. Na tena, vilevile. Mama hakuwahi kusonya mara mbili kwa namna moja. Msonyo wa chumvi kuzidi ulikuwa mwingine, wa Baba kuchelewa mwingine. Ndipo nikajua kuwa si Mama. Kuna mtu anabonyeza."

Muyeol alijifuta uso kwa kiganja. "Kwenye sauti ile nilifuta tatu kati ya zile nne nikabakiza moja. Yenye msonyo. Sikuweza kuutoa. Mashine haina ya kubadilishia."

"Sijakuuliza habari za mashine."

"Najua."

"Nimekuuliza Mama amefikaje kwa watu."

Mvua ilikuwa ikipiga kidirisha kile cha juu, kinachoonyesha viatu vya wapita njia. Muyeol alitazama viatu viwili vikipita, vya mtu na mtoto wake, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Nimeiuza ile ala. Kwa kampuni moja inayouza ala za namna hiyo. Mwezi wa tatu. Wanaiuza kwa watunzi, hapa na nje. Jina lake lipo juu ya kasha, Garam, na langu chini yake. Zeze la Bi Oksim. Nilitaka nimpelekee Baba kasha lile mkononi, aliguse. Ndilo aliloniomba. Kisha hali ya Mama ikazidi kuwa mbaya, nikasema si wakati. Akafariki, nikasema si wakati. Kila siku nikasema si wakati."

"Wameinunua wangapi?"

"Sijui."

"Unajua."

"Wengi," alisema Muyeol.

Garam akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha puani. "Unajua nilikuwa nije kwako leo hata kabla ya tangazo? Baba alinipigia jana. Keshokutwa ni siku ya arobaini na tisa tangu Mama afariki, siku ya roho kuondoka. Nguo zitachomwa, viatu vitachomwa, zeze lenyewe litachomwa, hekaluni, mtawa ameshapangiwa saa. Akaniambia, 'Na ile sauti iliyoko kwa yule kijana wako wa vitufe, aifute. Mtu hawezi kuondoka huku anaitwa.' Nikakutetea! Nikamwambia, Baba, ukimwomba Muyeol atafuta, hana ubishi, ana heshima. Nikakupamba kama bibi harusi."

"Naweza kufuta ya hapa. Sasa hivi."

"Na ya kwa watu?"

Kila mwenye ile ala alikwisha kuiweka kwenye kompyuta yake, na sasa hivi, katika vyumba asivyovijua, mtu fulani asiyemjua Bi Oksim alikuwa akimwamsha, akimfanya alie kwa ajili ya sabuni, kwa ajili ya mchezo wa mapanga, kwa ajili ya jokofu.

"Alikubali," Muyeol alisema ghafla, kama mtu aliyekumbuka kuwa ana mwavuli. "Garam, sikuiba. Kampuni haichukui bila ridhaa ya mpigaji. Nilimpelekea karatasi hospitalini, nikamsomea yote, neno kwa neno. Nikamwuliza, Mama, unaridhia? Akaitikia kwa kichwa. Nikamshikisha muhuri wake wa kutia sahihi, ule uliokuwa kwenye pochi, tukagonga pamoja. Kwa mkono wake mwenyewe."

"Siku gani?"

"Nini?"

"Alikuitikia siku gani?"

Muyeol akafikiri. "Ile Jumanne. Siku ulipokwenda kununua maji ya shayiri. Alikuwa ametulia, macho wazi, hana maumivu."

Garam akamtazama. Alikawia kuondoa macho, na anayelijua jicho la mapenzi angejua kuwa mapenzi bado yamo humo, na hilo ndilo lililokuwa la kusikitisha.

"Hakuwa na maumivu kwa sababu asubuhi ile walimwongezea dawa," alisema. "Siku nzima aliitikia. Nesi alimwuliza kama ameshakula, akaitikia, na alikuwa hajala siku tano. Mimi nilimwuliza, 'Mama, unanijua?' Akaitikia. Nikafurahi. Kisha nikaogopa furaha yangu, nikamwuliza, 'Mama, wewe ni bata?'"

Muyeol alifumba macho.

"Akaitikia, Kaka. Kwa heshima kabisa. Aliniambia kuwa yeye ni bata. Nilicheka mpaka nikaenda kulia chooni, ndipo nikaenda kununua maji ya shayiri."

Kompyuta ilikuwa ikivuma, na feni ya mezani ikigeuza shingo, kwa huyu, kwa yule, kwa huyu, kama shahidi asiyetaka kuegemea upande.

"Ungeniuliza," Garam alisema. "Dakika chache tu ningekuwa nimesimama mlangoni na chupa mbili. Ungeniuliza tu."

"Niliogopa ungekataa."

"Basi ulijua."

Muyeol alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, paji la uso likakaribia nyaya. Garam alimwacha hapo. Aliwahi kuota siku ambayo mwanamume huyu atapiga magoti mbele ya Baba, kwenye sakafu ya karatasi iliyopakwa mafuta, kwa ajili ya jambo jingine.

"Sikufanya kwa tamaa peke yake," Muyeol alisema chini. "Nilikuwa namwona anaisha. Kila nikija amepungua. Lakini hapa alikuwa mzima. Nilidhani akiwa kwa wengi hataisha."

"Inuka. Nataka nimsikie."

"Garam..."

"Niwekee kwenye kinanda, kisha unifundishe. Sijawahi kubonyeza."

Muyeol akainuka, akafungua kabati lile la sauti kwenye kompyuta, akalichagua jina, akasubiri lijae. Alimsogezea kinanda kidogo cheusi. Alipokuwa akiurekebisha mkono wake, vidole vyao viligusana, na vyote viwili vikakaa hapo kitambo, vimesahau. Garam ndiye aliyetoa chake.

Akabonyeza kitufe kimoja.

Bi Oksim akaingia chumbani. Hakuna namna nyingine ya kusema. Utomvu wa msonobari kwenye upinde, hariri ikikwaruzwa kidogo kabla ya kulainika, kisha ile sauti nyembamba, ya pua, yenye ukaidi. Garam alifumba macho. Alisubiri upinde ufike mwisho, kama ulivyokuwa ukifika, sekunde kumi na mbili kisha kimya. Upinde haukufika mwisho. Sauti iliendelea. Ikapita pale ambapo mkono wa mtu ungechoka, ikapita pale ambapo mtu angevuta pumzi, ikaendelea, laini, bila kutikisika, bila kuzeeka.

"Kwa nini haishi?" alinong'ona.

"Niliunga mwisho na katikati. Ili mtunzi aishike anavyotaka."

"Itaisha lini?"

"Ukiachilia kidole."

Garam hakuachilia. Machozi yalimshuka bila kwikwi yoyote, yakifuata njia moja hadi kidevuni, na yeye amekaza kidole kile mpaka ukucha ukawa mweupe. Mama alikuwa akilia kwa kuwa yeye alikuwa ameshikilia. Alikuwa akimfanyisha kazi. Dakika ikapita, labda mbili. Muyeol alinyoosha mkono kumgusa bega, akaurudisha.

Kisha Garam akaachilia.

"Futa," alisema.

Muyeol akafuta. Mashine ikamwuliza kama ana hakika, akasema ndiyo. Akafungua na ile diski ya akiba, akafuta, akaulizwa tena, akasema tena ndiyo. Akatoa, bila kuombwa, na kijidiski alichokuwa amekificha droo ya chini, akakiweka mbele ya Garam, akakifuta nacho.

"Hakuna tena hapa," alisema. "Keshokutwa nitakuja Jeonju. Nitamwambia Baba yote mwenyewe, mbele ya mtawa, mbele ya shangazi zako. Anipige akitaka."

"Hutakuja."

"Ni haki yake kujua."

"Haki yake!" Kwa mara ya kwanza alasiri ile Garam alipaza sauti. "Utamwambia nini? Kwamba anachoma gauni la mkewe na huku mkewe yumo kwenye mashine za watu wengi asiowajua? Yule mzee ana umri wa miaka sabini na moja. Kitu kimoja tu kinamwinua asubuhi, ni kwamba keshokutwa ataufanya moshi upande sawasawa na mke wake atakwenda. Ukimwambia, utatua mzigo wako, urudi Seoul mwepesi. Yeye atabaki nao kila televisheni ikiwashwa."

"Basi nifanye nini?"

"Ubebe."

Muyeol aliuliza, "Na sisi?"

Garam alichukua mwavuli wake. Alimtazama usoni: nywele zile zisizosikia kitana, makovu mawili ya tetekuwanga pembeni mwa jicho, midomo aliyoijua. Hakumchukia. Laiti angemchukia, angepata cha kushika kwenye ngazi.

"Nikikaa na wewe mezani kwa Baba, nitakuwa nakutazama wewe na kumsikia yeye akiitikia kwa kichwa," alisema. "Kila siku, Muyeol. Mpaka uzeeni."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina tupu. Muyeol alilisikia, akainamisha kichwa, na hakumfuata.

Ngazi kumi na moja. Alizipanda bila kuzihesabu. Juu, barabara ya Mangwon ilikuwa imejaa maji na watu wenye kutoka sokoni wakikimbia na mifuko ya plastiki vichwani. Simu ikalia mfukoni. Alisimama chini ya kibanda cha muuza samaki, akafuta uso kwa mkono wa shati, akakohoa mara mbili ili sauti ikae sawa.

"Baba."

"Umekwenda kwa yule kijana?" Mzee Pyo alikuwa akipiga kelele, kama kawaida yake, akidhani simu ni shimo.

"Nimetoka kwake sasa hivi."

"Amefuta?"

"Amefuta, Baba. Mbele yangu."

"Zote?"

Muuza samaki alikuwa akimwaga barafu. Garam alisubiri kelele ipite.

"Zote."

Kule Jeonju mzee alishusha pumzi ndefu, na Garam akaisikia yote, tangu ilipoanza hadi ilipoishia. "Vizuri," alisema Mzee Pyo, na sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu mdogo. "Vizuri, mwanangu. Basi atakwenda." Kisha akaongeza, "Na kijana mwenyewe, atakuja keshokutwa? Nimefikiri. Kama amefuta bila ubishi, si mtu mbaya. Mwambie aje ale na sisi."

Maji yalikuwa yakimwingia Garam viatuni, naye hakusogea.

"Hatakuja, Baba. Tumeachana."

"Leo?"

"Leo."

Mzee hakuuliza kwa nini. Hakuwahi kuwa mtu wa kuuliza mambo hayo, aliyekuwa akiyauliza alikuwa mkewe.

"Umekula?" aliuliza mwishowe.

"Nimekula," alisema Garam, ambaye tangu jana hakuwa ametia kitu kinywani, na akakata simu.